Gari la certified, na fundi wa akala aliyekataa kufumba macho

Wakuu, hamjambo huko mliko. Hii ilinipata mimi mwenyewe, na gari liko hapa nje nikiandika.

Niliacha shule darasa la saba. Tangu hapo nimeuza maembe Mukuyuni, nimeswaga mbuzi soko la Ikutha, nimechimba visima. Sikai mahali. Lakini nilimwahidi mama kwamba siku moja nitampeleka kwa dadake Ikutha kwa gari langu. Dadake hawezi kutembea tena, na mama akipanda basi mgongo unamlaza wiki nzima.

Basi nikanunua Probox kwenye yadi moja ya magari Kitui mjini. Kioo kilikuwa na sticker: CERTIFIED. Nikapewa na karatasi ya ukaguzi, kila kitu tick. Tairi zilikuwa nyeusi ti, zinang'aa. Nikaingiza kidole kwenye meno yake, nikaona bado ni marefu. Nikaridhika.

Kwetu Tawa gari jipya huombewa. Jumapili baada ya ibada wazee wakalizunguka, mikono kwenye boneti, macho yamefumbwa. Isipokuwa Mzee Kioko, anayekata akala, vile viatu vya tairi kuukuu, sokoni. Yeye alichuchumaa, mkono kwenye tairi la mbele.

Amina ilipoitikiwa, akatoa leso na kusugua. Rangi ikabaki kwenye leso. Chini yake raba ilikuwa imepasuka pasuka kama tope la silanga, bwawa letu, wakati wa kiangazi.

"Kijana, hizi ni viatu. Hazijakatwa tu."

Mama akaruka. "Mzee, si imeandikwa certified?"

"Mama Mutua, karatasi haikanyagi barabara."

Akaniambia nikate usukani hadi mwisho. Wakuu, upande wa ndani ulikuwa kipara. Halafu akanionyesha namba nne ubavuni: wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa. Miaka tisa! Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuwahi kuuliza.

Safari ilikuwa Jumanne. Mama alikuwa ameshafunga nguo kwenye kiondo. Aliingia ndani akaanza kuzitoa moja moja, na hilo liliniuma kuliko kelele.

Jumatatu alfajiri, kabla lami haijashika joto, tulirudi Kitui mimi na Mzee Kioko, pole pole kama tumebeba mayai. Meneja akasema, "Boss, certificate ni ya engine na gearbox."

Nikafungua karatasi. Mstari wa tairi, tick.

Nilitaka kupiga kelele. Mzee akanigusa bega, akamwambia meneja kwa upole, "Aliyeweka hii tick aje anionyeshe alitazama wapi."

Fundi wao akaja, akainama, akapitisha mkono upande wa ndani wa tairi la mbele. Akautoa haraka. Waya uliochomoza kwenye raba ulikuwa umemchoma kidole.

"Boss," akamwambia meneja huku akinyonya kidole, "kusema ukweli, huku ndani sikuangalia."

Wateja wawili walikuwa wanasikiliza. Meneja akawatazama, akaniangalia mimi, akaita vijana walete tairi nne mpya. Mzee akasoma namba za kila moja kabla hazijafungwa. Kisha akaomba zile za zamani. "Hizi zisirudi kwa gari la mtu mwingine."

Jumanne tulifika Ikutha salama. Mama na dadake walishikana mikono, wakacheka hadi chai ikapoa. Mimi nilikaa kwenye kivuli cha gari, miguuni nimevaa akala mpya. Mzee Kioko alizikata Jumatatu ile ile jioni.

Zile tairi za yadi zimefika Ikutha pia, kwa mguu.

Nilichojifunza: futa ile rangi, kata usukani utazame ndani, soma namba. Na usimdharau mtu kwa sababu ya kazi yake, huenda ndiyo imempa macho.

Wewe je, sticker imewahi kukudanganya? Na mwenye kujua, mbona tairi huisha upande wa ndani peke yake? Hilo bado linanisumbua.