Mfuko wa Mabati

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa kutunza fedha za watu kama kanuni ilivyotaka. Nalitaja hapa mwanzoni ili msisome mpaka mwisho mkidhani nitajitetea.

Nilianza kazi katika ofisi ya nyumba za mji, hapa Likasi, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Siku ya kwanza nilifika mlango haujafunguliwa, nikakaa kwenye ngazi nimevaa shati la marehemu baba, viganja vikitoka jasho. Shule ya sekondari sikuimaliza. Uhasibu nilijifunza mwenyewe katika kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada nilichokipata sokoni, nikikisoma usiku umeme wa bwawa la Mwadingusha ulipokubali kuwaka. Niliingia pale na hofu moja tu: kwamba kuna siku mtu atagundua kuwa sikusomea.

Mkuu wa Idara, mtu mnene aliyefunga tai hata katika joto la mwezi wa kumi, alinionyesha meza yangu na kunieleza kazi. Kodi ya nyumba iligawanywa. Sehemu moja ilikwenda hazina ya mji. Nyingine ilikuwa ya matengenezo madogo: bomba, kufuli, choo kilichoziba. Iliyobaki iliingia katika mfuko wa mabati, yaani akiba ya kuezeka nyumba upya. Mfuko huo ulikaa benki na haukuguswa mpaka utoshe kununua mabati ya mstari mzima wa nyumba kwa mara moja.

"Juu ya nini mstari mzima, shefu?" niliuliza.

"Juu ukikamata malata moja moja, peti, ya kwanza itaenda ku nyumba ya shefu. Ya pili itaenda ku nyumba ya shemeji ya shefu." Alicheka peke yake. Aliniita peti, yaani mdogo, na malata ni mabati kwa lugha yetu. "Franga hii hapana ya muntu. Iko ya malata."

Sitaki mdhani kanuni ile ilikuwa ya kijinga. Walioiandika waliwajua wezi. Hawakujua tu kwamba fedha yenyewe inaweza kufa ikiwa imefungiwa salama.

Nilikabidhiwa Kambi ya Chini. Zilikuwa nyumba za matofali, mbili mbili zikishirikiana ukuta, ambazo mji uliwajengea wafanyakazi wake wa chini na vibarua wa viwandani. Mabati yalikuwa na umri unaonizidi mimi. Ukisimama ndani mchana uliona jua limetoboatoboa sakafu, na mvua ikinyesha, kila familia ilikuwa na sufuria za kupikia na sufuria za paa.

Kila mstari ulikuwa na mama aliyechaguliwa na wapangaji kuwasemea. Katika mstari uliokuwa wa kwanza kwenye zamu ya kuezekwa, mama huyo alikuwa Mama Ngalula. Alikaanga mandazi asubuhi na kuyauza njiani kwa watu wanaokwenda kazini. Mume wake alikuwa amefanya kazi kwenye tanuru, akastaafu na kifua kibovu. Akilala kwenye unyevu, alikohoa mpaka majirani wanaamka. Kwa hiyo Mama Ngalula hakuchelewesha kodi hata mara moja. Alikuwa analipia pumzi ya mume wake.

Mimi nilikuwa mtu wa kufuta na kuandika upya. Tone la wino likianguka, nilinakili ukurasa wote. Nilikuwa nikifika nusu ya njia ya nyumbani, narudi kutikisa kufuli ya ofisi. Mama Ngalula aliniona nikirudi hivyo jioni moja, akawaambia wenzake kwa sauti ili nisikie: "Mutoto huyu anapendaka kufuli kuliko bibi. Siku ya ndoa ataoa mulango!" Wanawake walicheka mpaka wakashika magoti. Na mimi nilicheka, halafu nikaitikisa kufuli tena.

Kisha bei zikaanza kukimbia. Alikuja ofisini na wanawake wawili wa mstari wake, bado ana unga mikononi, akasimama mbele ya Mkuu wa Idara.

"Shefu, unga ya juma lililopita na ya leo, hapana bei moja. Sabuni, vilevile. Ile franga yetu kule ku banki inaoza sawa samaki. Tukamate malata sasa, hata kidogo. Zikifika tutazilaza chini ya vitanda vyetu. Siku zinatosha, tunaezeka."

Mkuu wa Idara alilegeza tai. Naapa kwamba alikuwa anataka kukubali; niliiona kwenye midomo yake. Lakini alinigeukia. "Peti, kanuni inasema nini?"

Ningeweza kusema: shefu, mama anasema kweli. Nilijua anasema kweli, maana mshahara wangu nao ulikuwa unanifia mkononi. Badala yake nilisimama nikaisoma kanuni kwa Kifaransa, kipengele chote, sauti ikitetemeka kwa fahari. Kwa mtu asiye na diploma, kanuni ndiyo ilikuwa diploma yangu.

"Basi," alisema Mkuu, "mumesikia. Kitabu kimesema."

Mama Ngalula alinitazama bila hasira. "Kitabu hakilalaki ku mvula, mutoto yangu," alisema, wakatoka.

Haukupita muda mrefu, ikaja miezi ambayo watu wenye asili ya mkoa wa Kasai waliambiwa Katanga, mkoa wetu, si kwao. Waliitwa wadudu na watu waliokuwa wamekula nao meza moja. Familia ya Mama Ngalula ilitoka huko, ingawa watoto wake wote walizaliwa Likasi na kubatizwa hapa. Alikuja ofisini peke yake, kitambaa kimefungwa vibaya kichwani.

"Peti, miye naenda na bantu yangu. Niko na mugonjwa. Ile yangu ya malata, unipatie. Hata kidogo, nikamate dawa ya njia."

Na hapo pia nilifuata kanuni. Nilimweleza kwamba mchango wa mabati ni mali ya nyumba, si ya mpangaji, anayehama anauacha. Nilimweleza kwa upole, na upole huo ndio unaonitia haya kuliko yote. Angekuwa mtu mwingine, angenitukana. Yeye alisema tu, "Aya," akarudi kufunga vitu.

Baada ya siku chache nilishindwa kulala, nikaenda stesheni na mkate. Watu walikuwa wamekaa nje wakisubiri treni, familia kwa familia. Nilimkuta chini ya shuka iliyofungwa kwenye vijiti, mume wake amelala kichwa kwenye mapaja yake. Aliupokea mkate kwa mikono miwili.

"Peti, nani anaingia mu nyumba yangu?"

"Sijui bado, Mama."

"Mwenye anaingia, umuambie: ku pembe ya dirisha njo inavujaka sana. Aweke sufuria kubwa. Ile ndogo inajaa mbio."

Sikumwona tena. Sijui kama mzee alifika.

Noti za nchi zilipobadilishwa, tuliambiwa tutumie akiba zote za zamani. Mfuko wa Kambi ya Chini, miaka ya kodi za mistari yote, ulinunua misumari ya mabati. Misumari tu. Nilikwenda kuichukua mwenyewe nikaibeba begani. Mkuu wa Idara aliitazama, akasema, "Peti, hesabu yako ni safi sana," na sikujua kama ananisifu. Mwaka huo aliacha kazi akaenda kulima, maana mishahara haikuja tena. Mimi nilibaki, kwa sababu sikuwa na shamba na nilikuwa bado naogopa.

Miaka mingi baadaye, karibu na kustaafu kwangu, nyumba ziliuzwa kwa waliokuwa wakikaa ndani. Kila nyumba ilihitaji uthibitisho kwamba haidaiwi kodi. Nilipofika ile ya Mama Ngalula, mpangaji mpya alisimama mbele yangu akitoa jasho la mikono, kama mimi siku ya kwanza. Niliandika kwamba nyumba haina deni la zamani. Ilikuwa kweli. Mama Ngalula alikuwa amelipa.

Mwaniuliza vijana: kazi ilikuwaje? Ilikuwa safi, na haikumfunika mtu yeyote. Ningependa kumlaumu mkuu, au noti, au waliowafukuza watu, na wote wana sehemu yao. Lakini niliulizwa mbele ya watu kanuni inasema nini, nami nikajibu hilo tu.

Sasa chumba cha ofisi yetu kinauza vocha za simu. Hakuna tena mfuko wa mabati, wala mji haumjengei kibarua nyumba. Anayetaka paa anajinunulia bati moja moja sokoni, siku ileile anayopata franga, na analilaza chini ya kitanda.