Bashi Nyeusi Juu ya Nyanya za Mama

Iko siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu. Baba mdogo wangu alisukuma baiskeli yake mpaka kwetu, hapa Likasi, nyuma imebeba furushi kubwa la bashi nyeusi. Mama alikuwa ameinama kati ya matuta yake ya mboga za lengalenga. Akanyoosha mgongo, akalitazama lile turubai, akauliza mwanga utapita wapi.

Nakusimulia hili kwa sababu umeniuliza ununue sere ya namna gani, hiyo nyumba ya plastiki ya kuoteshea mboga, na umesema unataka ya bei ndogo. Mimi niliacha shule mapema, na miguu yangu haijawahi kutulia mahali. Nimebeba maji kwenye sere za watu njia ya Mulungwishi, nimeishi Kasumbalesa, nimevuka mpaka. Kila nilipofika niligusa plastiki za watu na kuwauliza maswali mpaka wakanichoka. Kwa hiyo kidogo najua. Lakini jambo kubwa ninalolijua kuhusu sere nilijifunza katika uwanja wa mama yangu, na halijaacha kuniuma.

Baba alikuwa mtu wa kiwanda. Alipofariki, nyumba yetu katika kambi ya wafanyakazi ilibaki kwa jina lake, na wewe unajua desturi za kwetu: mume akiondoka, ndugu yake ndiye anayesema neno la mwisho juu ya nyumba. Baba mdogo Ilunga hakuwa mtu mkali. Kanisani alikaa mbele, na kila alipokuja kututembelea alileta sukari. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumkatalia.

Uwanja wetu ulikuwa udongo mwekundu na mawe matupu. Udongo mweusi uliokuwepo Mama aliutengeneza mwenyewe: mavi ya kuku aliyoomba kwa majirani, majani yaliyooza, pumba, maganda ya mihogo. Alianza kabla sijazaliwa. Nilipokuwa kijana ungeweza kuzamisha mkono ndani yake bila kutumia nguvu. Alilima lengalenga, matembele na kabichi, akauza sokoni. Kitu alichokosa ni nyanya za wakati wa mvua. Mvua za huku unazijua: majani yanashika madoa meusi, tunda linaoza kabla ya kuiva, na ni wakati huohuo nyanya zinatafutwa sana. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba paa la plastiki linazuia maji yasipige majani. Aliishika habari hiyo kwa mikono miwili, kwa sababu nyanya za mvua zingesomesha dada zangu bila yeye kumwomba shemeji yake chochote. Alitaka hilo tu. Tulikuwa tumeshakata mianzi ya matao.

Ndipo likaja lile furushi.

"Plastiki yenu ya kuangaza ni ya mvua moja, shemeji," alisema baba mdogo. "Inapasuka. Hii bashi iko na nguvu, na bei yake ni kidogo sana."

"Lakini iko nyeusi," Mama alisema.

"Usiku pia iko nyeusi, na tomati hazikufe."

Nikacheka. "Baba mudogo, tomati inakula jua. Minye nimetumika kazi ndani ya sere. Tukifunika na ile bashi, tutaotesha uyoga."

Hakukasirika. Aliegemeza baiskeli ukutani taratibu, kisha akaniangalia.

"Weye, Kabeya, masomo uliachia wapi?"

Wote pale walijua.

"Muntu hana diplome, hana muke, hana kazi. Leo iko huku, kesho iko Kasumbalesa. Na huyu ndiye atafundisha mama yake kujenga?"

Dada zangu waliinamisha vichwa. Jirani aliyekuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua aliacha kukung'uta shuka lake ili asikie vizuri.

"Mwache, shemeji," Mama alisema. "Tujenge yako."

Alikubali ili mimi nisiendelee kuvuliwa nguo mbele ya watu. Nilichelewa sana kulielewa hilo.

Sere haikujengwa kwa matao yetu. Baba mdogo alileta nguzo ndefu, akasimamisha kitu kirefu kama ghala, katikati kabisa ya udongo mweusi, akakifunga pande zote. Mwisho akaweka mlango na kufuli. Mama aliushika ule mlango, akautikisa.

"Kadena ya nini?" aliuliza. "Tomati zetu zinatoroka?"

Baba mdogo alicheka, na dada zangu wakacheka naye. Mama peke yake hakucheka.

Miche ilirefuka humo ndani, myeupe, myembamba kama uzi, ikiinama kuelekea matundu ya misumari. Halafu ikalala chini. Baba mdogo alikuja kuitazama, na sikuona masikitiko usoni pake. Alisema udongo umechoka, ataleta watu waugeuze. Aliwaleta kweli, wanaume wawili kutoka upande wa Kamatanda, wana sururu za mpini mfupi na tochi za kufunga kichwani.

Mwanangu, hakuna anayegeuza tuta la mboga kwa tochi kichwani. Wewe uliyekulia huku umeshaelewa. Wachimbaji wa mawe ya kijani, yale yenye shaba, wakiingia katika uwanja wa mtu, hufunika shimo kwa bashi kama ile, mvua isiingie na macho ya barabarani yasiingie. Kibanda cheusi katika uwanja wa mwanamume kingeuliziwa mara moja. Lakini kwa mjane ambaye mtaa mzima unajua anapenda bustani, nani angeuliza? Hata bei ndogo ilikuwa na sababu: tusikatae. Baba mdogo hakuitafuta bashi ile kwa ajili ya nyanya.

Nilimfuata Mama jikoni. Alikuwa anasonga bukari.

"Mama, wale hawalime. Wanachimba."

"Minye najua," alisema, mwiko ukiendelea kuzunguka. "Nilijua tangu kadena."

"Basi tuwafukuze."

"Nyumba iko ya nani, Kabeya?"

Akaendelea kusonga. Mimi, na maneno yangu yote ya kuzunguka dunia, nikamshikia sufuria isizunguke.

Walichimba karibu msimu wote wa mvua. Udongo mwekundu uliotoka chini ulimwagwa juu ya matuta yaliyobaki nje, maana ndani ya ua hapakuwa na pengine. Kabichi zikafukiwa zikiwa zimesimama. Mawe ya kijani hayakuonekana. Yalipatikana maji tu, yakapanda, wale wanaume wakasema shimo limekufa. Wakafungua bashi, wakang'oa na nguzo, wakaondoka navyo kama malipo yao. Baba mdogo aliacha kuja. Hata ile sukari ilikoma.

Mama alijaribu kuutenga udongo wake. Nilimwona amechuchumaa na beseni, anaokota vipande vyeusi ndani ya rundo jekundu kama mtu anayechambua mchele. Lakini shimo lilikuwa wazi na watoto wa jirani walicheza karibu, kwa hiyo ilibidi lifukiwe upesi kwa chochote kilichokuwepo, vyeusi na vyekundu pamoja. Kazi yake ya miaka yote iliingia mle. Hapakuota kitu tena ila majani ya kukwaruza miguu.

Alianza kununua mboga sokoni. Siku moja nilimsindikiza, akanunua nyanya kwa mwanamke ambaye zamani Mama ndiye aliyekuwa akimgawia miche bure. Mama aliomba matabishi, kile kidogo cha kuongezewa, kama anavyoomba kila mnunuzi. Yule mama akaongeza nyanya moja ndogo yenye ufa, akamgeukia mteja mwingine. Mama alisema asante.

Alipofariki, baba mdogo alisimama kwenye kilio, akasema marehemu alipenda sana udongo, tena alikuwa mjane wa mfano, hakukataa ushauri hata siku moja. Watu wakaitika amina. Mimi nilikaa kwenye kiti changu.

Sasa sikiliza, kwa maana uliniuliza. Usinunue plastiki kabla hujaiinua juani. Usipokiona kivuli cha vidole vyako upande wa pili, mwachie muuzaji. Plastiki ya kuangaza ya wajenzi ni rahisi, lakini kiangazi kimoja kinaitosha, inakauka na kukatika. Tafuta ile ya wakulima, hata kama pesa yako itakupa kipande kifupi. Sere fupi yenye mwanga ni bora kwako kuliko ghala lenye giza. Matao ya mianzi yanatosha, ila kila kifundo ukivishe mpira wa zamani wa baiskeli, kisitoboe. Kingo zizike ardhini kwa sababu ya upepo wa mwezi wa nane. Miisho yote miwili iache ifunguke, nyanya zipumue. Na usiweke kufuli.

Lakini kabla ya hayo yote, mtu akikuletea kitu cha bei ndogo kwa ajili ya uwanja wako, muulize yeye anataka nini mle ndani. Muulize mbele ya watu, hata kama ni mzee wako, hata kama atakuuliza ulisoma mpaka darasa la ngapi. Mkeo akiwa ndiye atakayemwagilia, yeye ndiye achague. Na ile karatasi ya nyumba iandikwe jina lake pamoja na lako mapema, ukiwa bado unapumua.

Mungu aulinde uwanja wako na wanaokuja wakitabasamu. Akupe nyanya wakati watu wengine hawana, na akupe moyo wa kuwaongezea matabishi yasiyo na ufa. Na siku yako ikifika, yule utakayemwacha nyumbani alime bila kuomba ruhusa ya mtu.