Mshale Uliokwenda Kinyume Ukumbini Mkolani

Jamani, hili nililificha muda mrefu kwa sababu lilinitia aibu ya kunifanya nibadilishe njia nikiwaona watu fulani, mpaka nikagundua kwamba nusu ya Mkolani wanalijua na wanalisimulia kwa chumvi zao, basi bora nilimwage mwenyewe.

Nina laptop ya mtumba niliyoinunua mjini, Nyamagana, na ilipoanza kuwa nzito rafiki yangu wa kazini akanishauri niiwekee Linux, mfumo mwepesi wa kuendeshea kompyuta. Nikaiweka mwenyewe (nikajipongeza na soda baridi), ikawa nyepesi, kila kitu safi, isipokuwa tachipadi, kile kibao cha kupitishia kidole: ukipeleka kidole juu mshale unashuka, ukienda kulia wenyewe unakwenda kushoto, yaani mbishi kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Nikatafuta mtandaoni nikapata amri ya mstari mmoja ya kuandika kwenye lile dirisha jeusi, nikaandika, mshale ukatii. Tatizo ni kwamba ukifunika laptop ikalala, ikiamka imesahau kila kitu. Dawa yake ni kuihifadhi ile amri kwenye faili la mipangilio, kazi ndogo kabisa, na mimi kila siku nikasema nitaihifadhi kesho.

Sasa, wakati huo nilikuwa na mchumba wa siri, Koku, binti wa Kihaya mwenye maneno machache na kicheko kirefu. Siri kwa sababu dada yake mkubwa, Adela, alikuwa bado hajaolewa, na baba yao alishasema mdogo hamtangulii mkubwa, na kwamba kijana yeyote atakayesikika anazurura na binti yake kabla ya kuleta washenga, posa yake asahau. Kwa hiyo mpango wetu ulikuwa huu: Adela aagwe, aolewe, halafu washenga wangu waende kwa adabu kama watu ambao hata nyumba hawaijui. Kazi yangu mimi ilikuwa kukaa mbali tu.

Nikakaa mbali? Thubutu. Kamati ya sendofu ya Adela, ile sherehe ya kumuaga, ilikosa mtu wa kuonyesha picha za bibi harusi, Koku akasema anamfahamu fundi mmoja wa kompyuta, nami nikakubali mbio mbio, maana nilitaka yule mzee aanze kuniona kijana wa maana. Nikavaa suti na tai nyekundu. Nikamwamkia mzee mlangoni, nikamwamkia tena mezani, nikamwamkia tena alipokuwa anatoka msalani (hiyo najua ilizidi).

Ukumbi ulijaa. Upande mmoja ndugu wa Adela, upande wa pili wageni wa bwana harusi waliovuka kutoka Sengerema na mashangazi zao wenye vilemba virefu. MC akatangaza kwamba sasa tunaangalia maisha ya binti yetu tangu utotoni, nami nikafunua laptop, ambayo bila shaka ilikuwa imelala njia nzima. Nikagusa tachipadi. Mshale ukaenda kinyume.

Nikafungua dirisha jeusi ili niandike amri, nikasahau kwamba projekta inaonyesha kila kitu ukutani, MC akauliza kwenye maiki kama bibi harusi alizaliwa gizani, watu wakacheka, na mimi kwa aibu nikalifunga dirisha kabla sijamaliza, nikajiambia nitauendesha hivyo hivyo kinyume, kwani kitu gani. (Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.) Kulikuwa na folda mbili zimekaa jirani, moja ya Adela, nyingine ya mambo yangu. Nikavuta kidole kuelekea ya Adela, mshale ukaruka upande wa pili, na kidole nacho kwa kiherehere kikabofya mara mbili.

Picha ikajaa ukuta mzima: mimi na Koku juu ya mawe ya ziwani, tuna sato mmoja kwenye sahani, Koku ananilisha kwa mkono wake na mimi nimefumba macho kwa raha.

Ungeniuliza, ningekwambia hapo ndipo mwisho wa aibu. Kumbe bado. Koku na Adela wamefanana mno, na picha ilikuwa ya upande, basi mashangazi wa Sengerema wakaona bibi harusi wao analisha mwanaume mwingine samaki. Mmoja akasimama, akauliza kwa sauti kama wameitwa kuaga au kutukanwa. Bwana harusi akamgeukia Adela. Adela akaanza kulia hata kabla hajajua analia nini. Mimi nikawa nahangaika kufunga picha, alama ya kufunga iko juu kulia, mshale unakimbilia chini kushoto kwenye kitufe cha picha inayofuata, kila nikibofya inakuja nyingine: nimebeba mkoba wake, nimevaa kilemba chake, nimelala na mdomo wazi.

Ndipo akili ikanijia (naiita akili kwa heshima tu). Nikaigeuza laptop nzima, kioo kikawatazama wageni, mimi nikasimama nyuma yake nikiangalia ukutani, maana ukikigeuza kibao kilichopinduka si kinakuwa sawa? Na kweli, mshale ukatii, nikafurahi peke yangu ukumbi mzima, nikainama juu ya kioo kuufikisha kwenye kona, tai yangu ndefu ikalala kwenye vitufe, na picha zikaanza kujiendesha zenyewe.

Nilimwona Koku akiinuka. Alikwenda moja kwa moja akasimama mbele ya projekta, picha yetu ikawa inawaka kwenye gauni lake, akachukua maiki.

"Wazee wangu, naomba radhi. Aliye kwenye picha si dada, ni mimi. Dada hana kosa."

Nilimpenda kuliko siku zote, na niliogopa kuliko siku zote. Baba yao akaja mpaka mezani kwangu polepole. Nikamwambia shikamoo, ya nne hiyo.

"Marahaba," akasema. "Zima."

Na mimi hata kuzima sikuweza, mpaka Koku akachomoa waya wa projekta.

Sendofu iliendelea, Adela akaolewa salama, lakini Koku alisemwa nyumbani wiki nzima, nami nikajua nimempoteza. Amri niliihifadhi jioni ile ile, na haikunisaidia kulala. Washenga niliwatuma tu ili nisije kujilaumu. Mjomba wangu, aliyewaongoza, akaanza kwa adabu, kama desturi inavyotaka, kwamba wamepita nje wakaona ua zuri bustanini humo. Mzee akamkatiza.

"Ua lipi tena, wakati kijana wenu alishatuonyesha bustani nzima ukutani?"

Mjomba anasema shangazi yake Koku alicheka mpaka akashika ukuta. Wakamwita Koku, wakamuuliza kama anamfahamu huyo kijana. Akasema anamfahamu, na anamtaka, kwa sharti moja, kwamba siku ya harusi yao asiguse kompyuta. Nikaitwa, nikala kiapo mbele ya wazee wa pande zote mbili, na sijawahi kukubali kitu kwa haraka namna ile maishani mwangu.