Nuru Hakumsalimia

Jenista alianza kuuza chakula pembeni ya foleni ya malori Tunduma, mpakani na Zambia, banda lake likiwa turubai na miti tu. Kwao ni Mbozi, kwenye kahawa, na shule aliishia darasa la saba. Lakini sauti anayo. Akisoma somo kanisani hata watoto hutulia. Madereva walimjua kwa maharage yake ya nazi na mchele wa Kamsamba. Habari za kusoma hawakuzijua, mpaka mwenzao mmoja aliposahau kitabu chini ya benchi.

Ilikuwa riwaya nene iliyokwisha kupoteza jalada. Jenista aliihifadhi akimngoja mwenyewe, asirudi. Siku moja maharage yalipochelewa kuiva, akaifungua ajue tu inahusu nini. Mteja wa chai akaita, akaita tena, Jenista hajasikia.

Riwaya ilisimulia habari za Nuru, mwanamke aliyezunguka nchi nzima kumtafuta kaka yake waliyepotezana naye utotoni. Jenista akawa anasoma asubuhi kabla wateja hawajajaa, na mchana anawasimulia madereva waliokuwa wakisubiri karatasi zao za forodha. Zamani wakishakula walirudi kulala kwenye malori. Sasa wakabaki kwenye benchi, na waliofika jana wakawauliza waliotangulia Nuru amefikia wapi.

Aliyenogewa kuliko wote ni Efraimu, mtu wa makamo, mpole, mwenyeji wa Njombe. Karatasi zake zilipotoka, alikuja bandani amenuna, kwa kuwa ilimbidi aondoke na kurasa zilikuwa zimebaki chache tu. Akamwachia Jenista namba yake ya Zambia, akamsihi asimwambie mtu mwisho kabla yake.

Jenista alimaliza kesho yake mchana. Alipofunga kitabu hakuweza kukaa. Moyo ulimwenda mbio kama mtu aliyeponea chupuchupu kugongwa na gari. Akatoka, akatembea kando ya malori bila kujua anakwenda wapi, akarudi anacheka huku machozi yanamtoka. Ikupa, jirani yake muuza vocha, alidhani ameletewa habari ya msiba, kisha akadhani amepata mkwe. Jenista alishindwa kumweleza. Aanzie wapi, kwa mtu asiyemjua Nuru?

Akanunua vocha kwa Ikupa huyo huyo, akapiga simu. Efraimu akamwomba asubiri aegeshe lori. Ndipo Jenista akamsomea, kwa ile sauti ya kanisani: Nuru anafika soko la mji mgeni, anamwona kaka yake akipima mchele, mtoto kamkalia begani, mke anacheka kando yake. Nuru anamtazama mpaka anaridhika. Halafu anageuka, anapanda basi, anarudi kwao.



"Hakumsalimia?" Efraimu akauliza.

"Hakumsalimia."

"Dada Jenista, umeruka ukurasa."

Jenista akaapa kwamba hajaruka hata mstari. Efraimu akaja juu. Miaka yote ile, njaa yote ile, halafu mtu anaondoka bila hata hujambo? Yeye angemrukia palepale sokoni, na mchele ungemwagika wote. Jenista alishangaa, kwani lililomrusha yeye roho kwa furaha ndilo lililomkera mwenzake. Akamweleza kwamba Nuru alitaka tu kujua kama ndugu yake yu hai na ana watu wa kumpenda. Akishaona, mzigo umetua.

"Na kaka mtu je?" Efraimu akasema. "Nani amemuuliza kama na yeye alikuwa anamtafuta?"

Hilo Jenista hakuwa amelifikiria. Lilimchoma, na papo hapo likamsisimua zaidi, maana hadithi aliyodhani ameimaliza ilikuwa bado mbichi. Alipofumbua mdomo kujibu, salio likaisha. Efraimu akapiga yeye. Wakabishana mpaka maharage yakaungua, Jenista akaepua sufuria simu kaibana begani, hajaacha kusema.

Jioni waliokuwa kwenye foleni wakadai zamu yao, akawasomea. Lwitiko, dereva wa lori la mafuta, alilia mbele za watu na hakuona haya. Mwingine alicheka, akasema Nuru ana akili. Wa tatu alijitenga akampigia simu mdogo wake wa Kahama, ambaye hawakuwa wamezungumza naye tangu mazishi ya baba yao.

Efraimu aliporudi kutoka Zambia alikuja moja kwa moja bandani, amefuatana na madereva wawili wa Kizambia aliowasimulia njiani. Mmoja alikuwa upande wake. Wa pili alimwamkia Jenista "mayo", kama wanavyowaita mama zao, akatangaza kwamba yeye yuko upande wa mama huyu na Nuru. Ubishi ukaanza kabla hawajaagiza chakula. Wageni wa benchi la nyuma wakauliza huyo Nuru ni nani, na wote wanne wakaanza kusimulia kwa pamoja.