Mlinzi wa Uzi na Ombi la Tatu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Alhamisi, ukungu umelala juu ya vichochoro vya Outremont kama paka aliyeshiba. Fishel Wolkenfeld anatembea katikati yake taratibu, mikono nyuma, kichwa amekiinua, mdomo wazi kidogo. Asiyemjua atadhani anahesabu nyota zilizochelewa kurudi kwao.

Anatazama uzi.

Ni uzi mwembamba wa nailoni, rangi ya maji, usioonekana mpaka mwanga uuguse. Unapita juu ya milingoti, nyuma ya majiko, kati ya miti iliyoanza kuwa myekundu, unazunguka mtaa kilomita kumi na tisa, kisha unakutana na mwanzo wake. Siku ya Sabato Wayahudi wa hapa hawabebi wala hawasukumi kitu nje ya nyumba zao. Lakini kila kilichomo ndani ya uzi huhesabiwa kuwa nyumba moja. Uzi ukiwa mzima, mama husukuma kigari cha mtoto hadi sinagogi na mgonjwa hupelekwa kusali kwa kiti cha magurudumu. Ukikatika, nyumba ile kubwa inageuka vyumba elfu vilivyofungwa.

"Wenzetu wana nyumba yenye paa, sisi tuna nyumba yenye uzi," anasema Fishel, mwenye miaka sitini na minne. "Na tunavyogombana humu ndani, usiwe na shaka kwamba ni nyumba kweli."

Nyumba moja ni lazima iwe na chakula kimoja. Kwa hiyo juu ya kabati la sinagogi liko boksi la mkate mkavu wa Pasaka, mali ya kila mkazi, wakiwemo ndugu wawili wauza kofia ambao hawajasalimiana tangu miaka ya themanini. Fishel ndiye anayeubadilisha kila mwaka. Anaapa kwamba panya waliowahi kuuonja walihama mtaa.

Kazi ya uzi inamlipa dola mia moja na ishirini kwa wiki. Mchana anasaga samaki katika duka la mtaani, ndiyo maana paka wa vichochoro humsindikiza mpaka mlingoti wa mwisho. Kazi ya uzi ameifanya miaka ishirini na mbili. Humwambia kila anayetaka kusikia kwamba Jumamosi moja ya Novemba alikuta bata bukini mia mbili wametua juu ya uzi, wametulia tuli, wakisubiri Sabato iishe ndipo waendelee na safari ya kusini.

"Mia mbili?" mkewe Fradel humuuliza. "Mwaka jana walikuwa arobaini."

"Wamezaana."

Kila Ijumaa mchana Fishel huingia chumba kidogo cha sinagogi na kurekodi maneno manne kwenye simu: "Uzi mzima. Sabato njema." Familia zote hupiga namba hiyo kabla ya kuwasha mishumaa. Kuna watoto mtaani wanaoijua sauti yake kuliko ya babu zao.

Ijumaa moja tu, majira ya baridi miaka mitatu iliyopita, alisema maneno mengine.

Mvua ya barafu ilikuwa imenyesha siku mbili. Saa moja kabla ya jua kuzama, Fishel aliona waya umelala juu ya theluji katika kichochoro cha nyuma, umejikunja. Darubini yake ilikuwa imeganda. Vidole havikuwa vyake tena. Alikimbia sinagogini akarekodi: "Uzi umekatika."

Jumapili alirudi na ngazi. Waya ule chini ulikuwa wa simu, wa zamani, usio na mwenyewe. Uzi ulikuwa juu, mzima kabisa, umevaa barafu, unang'aa.

"Nilitazama chini," anasema. "Kazi yangu ni kutazama juu."

Sabato ile, mjukuu wa Anshel Zeltser, aliyetimiza miaka kumi na mitatu, alisoma Torati mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Anshel, mshona makoti aliyepooza miguu kwa kiharusi, alikuwa amemfundisha kila neno kwa miezi minane. Asubuhi hiyo alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu dirishani, amevaa suti, akitazama watu wakipita mikono mitupu kwenda kumsikiliza mjukuu wake. Alifariki siku kumi na tisa baadaye.

Makosa ya mtu kwa Mungu, Siku ya Upatanisho huyafuta. Makosa ya mtu kwa jirani yake, hata siku hiyo haiyagusi mpaka jirani aridhishwe. Desturi ni hii: kabla ya siku hiyo unakwenda na mashahidi watatu, unaomba. Ukikataliwa, unarudi. Ukikataliwa mara ya tatu, mzigo unashuka mabegani mwako na kupanda kwa aliyekataa.

Mwaka wa kwanza Hinda, mjane wa Anshel, alisema, "Bado." Mwaka wa pili alisema, "Hapana," kisha akawauliza mashahidi kama wanataka chai.

Hata hivyo, tangu wiki ya maziko, kila Alhamisi baada ya mzunguko Fishel hupanda ngazi kumi na nne za Hinda na kugonga mlango. Mazungumzo yao hayajawahi kubadilika.

"Uzi mzima, Bibi Hinda."

"Umetazama juu?"

"Nimetazama juu."

Humkabidhi kichwa cha samaki kwenye mfuko, kisha hushuka.

Leo ni ombi la tatu, na mfungo wa Upatanisho unaanza kesho jua likizama. Fishel hajalala. Fradel anamfunga kifungo cha koti kana kwamba anampeleka shule.

"Sheria inakuachilia leo, akubali akatae," anamwambia. "Unatetemeka nini?"

"Akikataa, nitakwenda pale Alhamisi kwa sababu gani?"

"Kumbe unaogopa kuachiliwa," anasema Fradel. "Mimi nimeolewa na mtu wa ajabu."

Saa tano asubuhi, mzunguko umekwisha, Fishel yuko mlangoni kwa Hinda, nyuma yake Getzel mwoka mikate na wakwe zake wawili wasiosema. Bibi Hinda, miaka themanini na moja, magoti yamegoma, anafungua akiwa ameshika ukuta.

"Uzi mzima, Bibi Hinda."

"Umetazama juu?"

"Nimetazama juu."

Anawatazama wengine. "Getzel, hiyo kofia ni ya harusi. Nani anaolewa?"

"Tumekuja kushuhudia, bibi."

"Shuhudieni mkiwa mmekaa. Ngazi zangu si bunge."

Jikoni kunanukia asali na karafuu. Kiti cha magurudumu cha Anshel kipo bado dirishani, juu yake chungu cha maua, na mwanga wa ukungu umekaa pale kama mgeni wa heshima. Fishel anavua kofia ya nje, anabaki na ile ndogo ya ibada.

"Bibi Hinda, Ijumaa ile nilitazama chini. Nilimnyima Anshel Sabato yake, na sina ya kumrudishia. Naomba unisamehe."

Hinda anakata keki vipande vitano. Anachukua muda mrefu, kama mtu anayegawa shamba.

"Nikikataa, ameachiliwa. Sivyo, Getzel?"

"Ndivyo ilivyo."

"Nikikubali, ameachiliwa vilevile."

"Ndivyo."

"Basi waliopanga hayo hawakumuuliza mjane."

Anaweka kisu chini.

"Bwana Fishel, mimi nilikusamehe kitambo. Baridi ya mwaka ule uliofuata, siku theluji ilipofika kiunoni. Ulikuja ndevu zimeganda kama ufagio, ukasema uzi mzima. Nilipofunga mlango nilikuwa sina tena kinyongo na wewe. Halafu nikawaza: nikimwambia, Alhamisi nani atagonga? Watoto wangu wamehamia Toronto. Simu yao hainuki samaki."

Wakwe wa Getzel wameacha kutafuna.

"Mwaka jana nikasema hapana, na msamaha ninao mfukoni kama funguo. Huo ni ukatili. Nimekukosesha usingizi kwa sababu ya upweke wangu." Anashika meza, anasimama. "Mashahidi ni watatu, wanatosha. Naomba unisamehe."

Fishel anajifuta uso kwa mkono wa koti. Anatazama dari, kwa mazoea. Kisha anasema, "Bado."

Getzel anapaliwa na keki.

"Bado?" anauliza Hinda.

"Desturi ni mara tatu, bibi. Hii ya kwanza."

"Fishel Wolkenfeld, kesho ni mfungo. Nikifa kabla ya kesho, nitakuja kuukata uzi wako kwa meno."

"Basi nimekusamehe," anasema Fishel. "Nimekusamehe, nimekusamehe."

"Nami nimekusamehe," anajibu Hinda, mara tatu pia, kama inavyosemwa.

Wanakula keki. Mwishowe Hinda anauliza, akiangalia makombo, "Sasa Alhamisi utakuja kufanya nini?"

"Nisipoulizwa kama nimetazama juu, nitajuaje?"

Hinda haendi sinagogi tangu magoti yalipomshinda. Kiti cha mumewe hakuwahi kumruhusu mtu akiguse. Leo ananyanyua chungu cha maua na kukiweka sakafuni, na Fishel anapiga magoti kukagua magurudumu. Moja linalia. Anaahidi kurudi na mafuta.

Mpango wake ni mmoja. Mwaka huu Siku ya Upatanisho imeangukia Sabato, na kwa sala ya kufunga mfungo anataka kumsukuma Hinda mtaa mzima, mpaka mkabala wa safu aliyokuwa akikaa Anshel, upande wa wanawake nyuma ya pazia. Anachohitaji ni upepo utulie usiku mmoja. Kwa usalama, ameamua kuzunguka tena Ijumaa asubuhi, kilomita zote kumi na tisa, na darubini mbili.

Ijumaa mchana simu za Outremont zinapigwa kama kawaida. Sauti ile ile inajibu, ila safari hii imeongeza maneno, na familia nyingi zinatazamana zisijue maana yake. Katika jiko moja lililo ngazi kumi na nne juu, ajuza aliyevaa nguo nyeupe anapiga namba hiyo mara ya pili, kisha ya tatu, apate kuyasikia tena:

"Uzi mzima. Nimetazama juu. Sabato njema."