Mke wa Mama Tecla

Kitu cha kwanza ambacho mtu angetambua kwa mwalimu Rodah ni jinsi alivyovunja chaki. Hakukusudia, ni hasira tu iliyokuwa ikimshukia mkononi. Wasichana wa kidato cha tatu, katika shule moja karibu na Silibwet, walikuwa wamezoea kuokota vipande bila kucheka.

Muhula huo wa 1996 aliwafundisha hadithi za Wazungu za miaka mia mbili iliyopita: makasri yenye giza, akina baba waliokufa lakini wakaendelea kutoa amri, mabinti waliofungiwa ndani ili ukoo usikose mrithi. Rodah alizielewa kuliko alivyotaka. Baba yake alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, akaacha ekari tatu za chai na mabinti pekee, bila mtoto wa kiume. Wadogo zake walikuwa wameshaolewa. Jumapili, baba mdogo Kipkosgei aliketi kwenye kiti cha marehemu akatoa uamuzi.

"Wewe hutaolewa. Utabaki hapa uzalie hii nyumba kijana. Ukikataa, hiyo chai ni yangu."

"Na baba ya huyo kijana atatoka wapi?"

"Hiyo si kazi yangu," alisema Kipkosgei, akasukuma kikombe aongezewe.

Ndiyo maana, aliposoma jinsi binti wa kasri alivyolia dirishani, sauti ya Rodah ilikwaruza. Akauliza darasa: binti huyo angefanya nini?

Chemutai aliinua mkono. "Mwalimu, si mama yake ni mjane? Kwa nini hakuoa mwanamke?"

Hakuna aliyeshangaa. Kwao, mjane asiye na mtoto wa kiume huoa mke, na watoto wa mke huyo huwa warithi wa nyumba. Walijua maboma kadhaa ya namna hiyo. Rodah alizidi kukasirika, safari hii akijikasirikia mwenyewe. Alikuwa na digrii nzima, na jibu hilo alikuwa amelionea aibu kwa sababu ya kanisa.

Jioni alimkuta mama yake, Tecla, akikamua ng'ombe. Akamweleza.

"Umechelewa," alisema Tecla. "Nimeshatuma watu Kisii waniposee mke. Anaitwa Mellen. Mume wake alikufa kabla ya kulipa mahari, mashemeji wakamfukuza na kijana wake."

"Pasta je?"

"Atanitoa kwa meza ya Bwana. Anitoe. Yeye alikuwa wapi wakati Kipkosgei alipokuwa akipima shamba langu kwa hatua?"

"Na Mellen anataka, ama anafungiwa kama mimi?"

"Alikuja mwenyewe akakagua shamba. Akaniuliza kama mimi ni mume mkali."

Rodah alicheka, kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Kisha akakumbuka kile kiti, na kicheko kikakatika.

Kipkosgei alipopata habari, alituma neno kwamba mwanamke huyo hatavuka lango. Jumamosi saa nne alikuwa ameshafika na wazee wawili, wameketi kando ya lango, fimbo magotini. Rodah aliwapita bila salamu, akafungua lango lote, akasimama katikati yake akitazama barabara ya Sotik, ambako Mellen na mtoto wangetokea wakati wowote.