Mbawala Aliyemsubiri Baba

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu tulihama Gongoni, mjini Tabora, tukaenda kuishi katika kijiji kipya cha ujamaa, mbele ya Ntalikwa. Baba alikuwa fundi seremala, na kijiji kilihitaji milango. Nyumba ya Waislamu ilikuwa yetu peke yake. Shuleni nilikuwa na rafiki mmoja tu, Nyamizi, aliyelelewa na bibi yake.

Ukoo wa Nyamizi haukula mbawala. Bibi alisema anayevunja mwiko huo hutokwa na mabaka kama ya mnyama mwenyewe. Wenzetu walimcheka: "Nyamizi, geuka tuhesabu mabaka!" Mwalimu wetu, kijana mwenye moyo mzuri, alipenda kutuambia kwamba taifa ni moja na chungu ni kimoja, mambo ya mizimu tuyaache huko tulikohama.

Siku moja ya mavuno wanaume walinasa mbawala, mzima. Wakamfunga kamba, wakamsubiri baba arudi kutoka mjini amchinje, ili nasi tupate kula. Alifika alasiri. Nyama ikapikwa kwa ajili yetu watoto tuliokuwa tukivuna mahindi ya shule.

Nyamizi alikaa na ugali wake mtupu, na vicheko vikaanza. Mimi nilitaka viishe. Nilitaka rafiki yangu awe kama sisi. Nikamsogezea bakuli langu, nikamwambia hii ni nyama ya mbuzi, mama kaileta kutoka nyumbani.

"Kweli, Zuhura?"

"Wallahi, ni mbuzi."

Akala vipande vitatu. Wavulana wakapiga makofi, na hapo akajua.

Baada ya siku mbili mikono yake ilijaa vipele. Mganga wa zahanati alisema ni upupu wa shambani. Inawezekana, maana wengine pia walijikuna. Lakini vya Nyamizi ndivyo vilivyokawia kupona, na mpaka leo, baada ya miaka mingi ya kufundisha sayansi, sina la kuongeza.

Nilikwenda kwao kuomba radhi. Nilimkuta bibi akimpaka dawa ya majani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa."

Nyamizi hakuniangalia. Nikaanza kujitetea: mwalimu alisema ni imani tu, nyama ya mbawala haina neno.

Bibi hakupandisha sauti. "Yule mnyama alishinda kwenye kamba tangu asubuhi. Kijiji kizima na njaa yake kinamsubiri baba yako na kisu chake. Kuna aliyewacheka?"

"Hapana, bibi."

"Haya. Shika hii dawa, umpake mkono wa pili."

Nikampaka.

Bado naamini tulifanya vema kukaa pamoja kijijini; wengi wetu tusingesoma vinginevyo. Lakini nilipokuwa mwalimu, kila tulipopika shuleni niliuliza kwanza nani hali nini, wala sikuuliza kwa nini. Wenzangu walisema nawadekeza watoto. Labda.

Nyamizi alinisamehe. Tulikaa dawati moja mpaka darasa la saba. Ila kila nilipompa kitu, hata kipande cha muhogo, alikinusa kwanza.